Si Kugawa Watu Kulikomnyima Raila Ikulu

Tangu Oktoba 15, 2025, habari zilipotufikia kutoka Kerala, India, kwamba Raila Amolo Odinga ameaga dunia, kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mpaka masikio yamechoka. Nimeisikia redioni, nimeisoma kwenye tahariri, nimeisikia kwenye baraza za kahawa hapa Mombasa. Waliompenda wanaisema, wasiompenda wanaisema, wote kwa sauti moja ya kusikitika: alikuwa mtu mkubwa, ila aligawa watu, angalipunguza ukali kidogo, angalikuwa rais. Wengine huongeza, kwa nia njema, kwamba vijana wanaotaka uongozi wachukue funzo hapo. Wasijitengenezee maadui. Wakae katikati. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na tayari tunaletewa watu wanaosifiwa kwa sifa moja, kwamba hakuna anayewachukia.

Naipinga sentensi hiyo tangu neno la kwanza. Hesabu za kura zinaikataa, historia ya nchi hii inaikataa, na inawafundisha wanaochipukia kukimbia kitu ambacho hakijawahi kumzuia mtu, huku wakikikumbatia kile kilichommaliza Raila kweli.

Tuanze na walioingia Ikulu. Daniel arap Moi alishinda mwaka 1992 kwa asilimia 36 ya kura. Yaani karibu wawili kati ya kila watatu waliopiga kura walitaka aondoke, na wengi wao walitaka hivyo kwa uchungu, baada ya mateso ya Nyayo House, baada ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988, baada ya watu kuwekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Akabaki rais. Mwaka 1997 akashinda tena kwa asilimia 40. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waliomba kura huku Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ikiwa imethibitisha mashtaka dhidi yao tangu Januari 2012, mashtaka yaliyohusu damu ya Wakenya. Sijui ni mzigo gani wa kugawa watu ungezidi huo. Nusu ya nchi iliwaona watuhumiwa, nusu ikawaona ndugu wanaoonewa na wageni, na hao wa nusu ya pili wakatoka alfajiri na mapema kujipanga foleni. Wakapata asilimia 50.07. Kesi zilikuja kuporomoka baadaye, ya Uhuru mwaka 2014 na ya Ruto mwaka 2016, lakini siku ya kura hakuna aliyelijua hilo. Kisha mwaka 2022 Ruto akaipasua nchi upya, mahasla upande huu na watoto wa wakubwa upande ule, wilbaro ikawa bendera yake, akashinda.

Tumekuwa na marais watano. Watatu kati yao nimewataja hapo juu. Kama kugawa watu kunamfungia mtu mlango wa Ikulu, hawa walipitia wapi?

Sasa watazame wapole. Mwaka huo huo wa 2013 alikuwapo Musalia Mudavadi. Alikuwa Naibu Waziri Mkuu, ana jina, ana chama, ana eneo la Magharibi lenye kura nyingi, na kampeni yake yote ilijengwa juu ya ahadi kwamba yeye ndiye mikono salama, mtu asiye na ugomvi na yeyote. Alipata kura 483,981, asilimia isiyofika nne. Peter Kenneth, ambaye kwenye mdahalo wa televisheni wa Februari 2013 alijibu maswali kwa utaratibu na akapongezwa kila kona, alipata kura zisizofika 75,000 nchi nzima. Siwadharau watu hawa. Nasema tu kwamba mpiga kura aliwasifu, akaenda kumchagua mwingine. Anayesimama foleni ya shule ya msingi tangu saa tisa za usiku, baridi inamla, kazi inamngoja, ana jambo linalomchoma moyoni. Kuna mtu anayemtaka sana, au kuna mtu anayemwogopa sana. Sifa haimwamshi mtu saa tisa za usiku.

Nitaambiwa: na Kibaki je? Mwai Kibaki alikuwa mpole, hakupandisha sauti, na mwaka 2002 alishinda kwa asilimia 62, ushindi mpana sana. Namshukuru anayeuliza, maana hakuna mfano unaoniunga mkono kuliko huu. Kibaki yule yule mpole alijaribu 1992 akashindwa, akajaribu 1997 akashindwa. Kilichobadilika 2002 ni kwamba Oktoba 14, pale Uhuru Park, Raila alisimama mbele ya umati akatamka maneno mawili, Kibaki Tosha. Desemba 3 Kibaki akapata ajali ya barabarani akapelekwa London kutibiwa. Nani alizunguka nchi kumwombea kura mgonjwa? Raila, jukwaa baada ya jukwaa, kwa vitendawili vyake na utangazaji wake wa mpira, akimchezesha Kibaki kama mshambuliaji asiyeonekana. Desemba 30 Kibaki akaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ushindi uliotuunganisha kuliko wote uliletwa na mtu tunayeambiwa hakujua kuunganisha.

Labda nieleze pia kwamba ule mgawanyiko hakuuanza yeye. Oktoba 25, 1969, Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, miezi michache baada ya Tom Mboya kuuawa. Walirushiana maneno makali na Jaramogi Oginga Odinga hadharani, umati ukachafuka, walinzi wa rais wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku, yeye akatiwa kizuizini. Raila wakati huo alikuwa masomoni Ujerumani Mashariki. Aliporudi alikuta mstari umeshachorwa na jina la babake limeandikwa upande mmoja. Kuanzia 1982 hadi 1991 alizuiliwa mara tatu; mamake alifariki mwaka 1984 yeye akiwa ndani. Alipoingia siasa za kugombea urais, waliompinga walichimba mpaka suala la jando, wakalifanya sera, kana kwamba bajeti ya nchi inasomwa kwa kisu cha ngariba. Mtu akishafanyiwa hayo yote, halafu tunamwambia kosa lake ni kugawa watu, tunamlipisha deni la mwingine.

Lakini sitaki kumtetea kwa kumwonea huruma. Nataka twende kwenye kura zake.

Wanaosema ukali ulimponza wana hoja moja yenye sura nzuri. Wanasema: tazama, mwaka 2022 alipokuwa mpole, alipokuwa na baraka za Rais Uhuru, na Martha Karua wa Kirinyaga mgombea mwenza wake, alipata asilimia 48.85, kiwango cha juu kuliko vyote alivyowahi kupata. Basi upole ulimsaidia; angeuanza mapema.

Asilimia hudanganya. Agosti 2017, akiwa moto, akimwita kila aliye serikalini mwizi, tume ya uchaguzi ilimhesabia kura 6,762,224. Agosti 2022, akiwa mzee wa taifa, mikono imeshikana na rais, dola nyuma yake, alipata kura 6,942,930. Ongezeko ni kama kura 180,000. Katika miaka hiyo mitano orodha ya wapiga kura ilikuwa imeongezeka kwa takriban watu milioni 2.5. Asilimia yake ilipanda kwa kuwa nchi nzima ilipoa: mwaka 2017 karibu wanane kati ya kila kumi walijitokeza, mwaka 2022 hawakufika saba. Na ngome zake zilipoa pamoja na nyingine. Hapa kwetu Mombasa, mji uliomwimbia miaka nenda miaka rudi, waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Asubuhi ile ilikuwa kimya cha ajabu. Vituo vilivyozoea foleni za kupinda kona vilikuwa na watu wa kuhesabika, na walioshinda vibarazani walikuwa wanasema jambo moja: sisi hatujui tena yeye yuko upande gani.

Mlima Kenya nao, ambako ndiko upole ulikokusudiwa kufanya kazi, ulimpa Ruto kura zake kwa wingi, Kirinyaga kwa kina Karua ikiwamo. Waliomchukia hawakuuamini upole wake, na waliompenda hawakuutambua.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilitazama linanishangaza. Mwaka 2007, alipochukiwa na kupendwa kuliko wakati wowote, tume ilitangaza kwamba Kibaki amemshinda kwa kura 231,728. Mwaka 2022, alipokumbatiwa kuliko wakati wowote, tume ilitangaza kwamba Ruto amemshinda kwa kura 233,211. Tofauti karibu ile ile. Na katika hizo mbili, ile ya kwanza ndiyo ambayo tume ya Jaji Johann Kriegler ilichunguza ikasema hesabu ilivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Bungeni mwaka huo ODM ilipata viti 99, PNU 43. Ikiwa kuna uchaguzi ambao huenda Raila aliushinda, ni ule aliokuwa mkali zaidi. (Matokeo ya 2022 nayo yalikanwa na makamishna wanne kati ya saba, ingawa Mahakama ya Juu iliyathibitisha, mimi hapa nahesabu kwa takwimu rasmi, maana hata hizo zinanitosha.)

Najua jibu ninaloandaliwa, na ni jibu zito. Chuki haiamshi upande mmoja tu. Kama jina la Raila lilimtoa mtu wa Kisumu kitandani saa tisa, lilimtoa na wa Murang'a saa nane. Mwaka 2013 na 2017 Mlima Kenya ulijitokeza kwa wingi wa kutisha, na wengi walikwenda kumzuia yeye kuliko kumchagua Uhuru. Hilo ni kweli, na atakayelikwepa hatakuwa amejadili kitu.

Ila swali linalofuata ndilo ambalo wenzangu hawaliulizi: kwa nini kwa Murang'a jina lile lilikuwa tishio mwaka 2013, wakati miaka mitatu nyuma, Agosti 4, 2010, watu wale wale walipanga foleni wakapiga kura upande mmoja naye? Katiba mpya ilipita kwa karibu kura milioni 6.1 za ndiyo dhidi ya karibu milioni 2.8 za hapana. Mkoa wa Kati ulisema ndiyo kwa wingi mkubwa. Na msidhani ile ilikuwa kampeni ya kubembelezana. Ruto aliongoza hapana, Moi alikuwa hapana, maaskofu na wachungaji walikuwa hapana, wakahubiri dhidi yake madhabahuni. Nchi iligawanyika hasa: kijani na nyekundu, mume na mke, mchungaji na waumini wake. Raila alikuwa katikati ya mgawanyiko huo akipiga kelele kama kawaida yake. Na akashinda.

Kiongozi anayegawa watu huchora mstari. Wengi wetu humtazama mchoraji, tukapima sauti yake na hasira yake. Mimi naomba tutazame mstari unapita wapi. Ukipita kati ya kabila na kabila, kila mtu anajua upande wake tangu kuzaliwa. Hakuna wa kushawishiwa, iliyobaki ni kuhesabu vichwa, na Waluo, kabila lake Raila, hata wakiwa na marafiki wangapi hawana vichwa vya kutosha. Ukipita ndani ya nyumba, ukamweka baba huku na mwana kule kwa sababu ya jambo wanaloweza kubishana, hapo kura zinahama. Mwaka 2002 mstari ulikuwa Moi na mrithi wake upande mmoja, waliochoka upande wa pili, na ulipita katikati ya kila kabila. Mgombea wa KANU alikuwa Mkikuyu na wa upinzani Mkikuyu. Raila akashinda kwa jina la mwingine. Mwaka 2010 ulikuwa katiba. Akashinda tena.

Mwaka 2005 ndio wa kusomwa kwa makini, maana hapo mstari ulianza kama wa hoja ukaishia kuwa wa damu. Kibaki alikuwa amevunja makubaliano ya kugawana serikali. Rasimu ya katiba ya Bomas ilikuwa imekatwakatwa ikabakiza rais mwenye nguvu zote. Raila na wenzake wakasimama kuipinga, wakapewa chungwa kuwa alama yao, serikali ikapewa ndizi. Novemba 21 chungwa likashinda kwa asilimia 58, na chama cha ODM kikalichukua tunda hilo kuwa nembo na jina. Hoja yao ilikuwa halali kabisa. Lakini tazama ramani ya matokeo: mikoa saba kati ya minane ilisema hapana, Mkoa wa Kati peke yake ukasema ndiyo. Palihitajika mtu wa kuinuka wiki ile ile akasema kwamba hii ni kura kuhusu madaraka ya rais, na mwananchi wa Nyeri asiyeona faida ya rais mwenye nguvu zote ni mwenzetu. Hakuinuka mtu. Mwaka 2007 ramani ile ikageuzwa wimbo wa kampeni, makabila 41 dhidi ya moja.

Hapo Raila alikosea, nami nasema hivyo nikiwa miongoni mwa waliomshangilia. Si lazima yeye ndiye aliyelibuni neno hilo. Lilisemwa na waliomzunguka, jukwaa lilikuwa lake, naye hakulizima. Wapinzani wake nao walikuwa wakifanya hesabu ile ile kutoka upande wa pili, na dola ilikuwa mikononi mwao. Matokeo yalipotangazwa Desemba 30, Kibaki akiapishwa magharibi ile ile, nchi ikawaka. Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamejihifadhi kanisani Kiambaa, Eldoret, waliteketezwa kwa moto, wengi wao wanawake na watoto. Kisumu vijana walipigwa risasi na polisi. Naivasha na Nakuru visasi vikafuata. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa 1,133. Waliofurushwa makwao walikaribia 600,000. Hakuna hoja ya makala itakayopunguza uzito wa jambo hilo, na anayenisoma akidhani nautukuza mgawanyiko wowote ule arudi kwenye aya hii.

Lakini pia asije mtu akaichukua Kiambaa kuwa ushahidi kwamba nchi inahitaji viongozi wasiosema kitu. Waliokufa 2008 waliuawa na siasa za ukabila, ambazo zinaweza kuendeshwa kwa sauti ya chini kabisa, kwa tabasamu, kwenye mikutano ya wazee hotelini. Mpole mwenye orodha ya makabila mfukoni ni hatari kuliko mkali anayebishana juu ya bei ya unga.

Nije kwenye mapatano, kwa kuwa ndiyo yanayotumiwa kunijibu mara kwa mara. Wanasema: si unaona mwenyewe kwamba alipata mambo alipokaa na wenzake mezani? Serikali ya nusu mkate ya 2008, uwaziri mkuu wa miaka mitano, salamu za Machi 9, 2018, na Uhuru kwenye ngazi za Harambee House, makubaliano ya Machi 7, 2025, na Ruto. Basi upatanishi ndio uliomlisha, ukali ukamnyima.

Hebu tuulize nani huitwa kwenye mapatano. Kofi Annan alipokuja Nairobi mwaka 2008 alikaa na Kibaki na Raila. Mudavadi alikuwapo kama mjumbe. Mtu asiye na upande haitwi, maana akikubali au akikataa hakuna linalobadilika barabarani. Raila aliketi kwenye meza ile kwa sababu nusu ya nchi ilikuwa tayari kusimama akisimama na kukaa akikaa. Ile ndiyo iliyokuwa akiba yake, aliyoiweka kwa miaka ya kizuizini na maandamano na mabomu ya machozi, na kila alipopatana alitoa kwenye akiba hiyo hiyo. Waswahili husema chovya chovya humaliza buyu la asali.

Ndugu zetu wa Zanzibar wanaujua mfano huu kwa Maalim Seif Sharif Hamad. Naye aliitwa mgawa watu maisha yake yote. Mwaka 1995 alitangazwa kushindwa na Salmin Amour kwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2, na waliokuwako wanakumbuka jinsi misikiti na maduka yalivyogawanyika, watu wakabaguana hata misibani. Januari 2001 wafuasi wake wakapigwa risasi Pemba. Alipokutana na Amani Abeid Karume Novemba 2009, na Wazanzibari wakaridhia serikali ya umoja wa kitaifa kwa kura ya maoni ya Julai 31, 2010, kwa takriban theluthi mbili, ilikuwa kwa sababu Maalim alikuwa na nusu ya visiwa mkononi. Laiti angekuwa mtu wa katikati, Karume angekutana na nani?

Tofauti ni kwamba Maalim alidai kitu kiandikwe kwenye katiba ndipo akaingia serikalini. Raila mwaka 2008 alidai hivyo, na ndiyo maana nusu mkate, pamoja na ugomvi wake wote, ilituzalia katiba ya 2010 na kaunti 47. Mwaka 2018 alipeana mkono kwanza, mengine yakafuata. Siku 38 tu zilikuwa zimepita tangu Januari 30, alipoapishwa Uhuru Park kuwa rais wa wananchi mbele ya watu waliojua wanaweza kukamatwa kwa uhaini. Kabla ya hapo makumi walikuwa wameuawa na polisi Mathare, Kisumu na kwingineko. Kisha picha ya wawili wanacheka ngazini. Sikatai kwamba nchi ilitulia. Nami nililala usingizi kama wengine, na nilishukuru. Ila kilichotulia ni ugomvi wa wakubwa. Bei ya unga haikutulia. Mpango wa BBI wa kurekebisha katiba, uliopaswa kuwa tunda la salamu zile, ulikataliwa na Mahakama Kuu, ukakataliwa na Mahakama ya Rufaa, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaufunga. Raila akafika kwenye uchaguzi wake wa tano akiwa mtetezi wa serikali iliyopo, na lugha yake ya miaka arobaini, ya mnyonge dhidi ya mwenye nacho, ilikuwa imeokotwa na Ruto. Hakunyang'anywa. Aliiacha mezani akaondoka.

Na ikarudiwa 2024. Vijana waliojiita watu wasio na kabila, wasio na chama, wasio na kiongozi, walichora mstari juu ya karatasi moja, Mswada wa Fedha. Mstari huo ulipita Eldoret na Kisumu, Nyeri na Mombasa, mpaka ndani ya familia za wabunge. Juni 25 walifika Bungeni wakaingia, makumi wakauawa siku ile na zilizofuata, na kesho yake rais akakataa kutia sahihi. Nchi haijawahi kugawanyika kwa hoja safi namna ile tangu 2002. Huu ulikuwa mkutano wake Raila, ungedhani ameuandaa miaka yote. Akashauri mazungumzo. Kabla ya Agosti kuisha Hassan Joho, John Mbadi, Opiyo Wandayi na Wycliffe Oparanya walikuwa mawaziri. Vijana waliokuwa wamezaliwa na kukuta babazao wakimwita Baba walimjibu mtandaoni kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na nilipoyasoma niliumia, kwa ajili yake na kwa ajili yao. Februari 2025 akaenda Addis Ababa kuomba uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika akiwa mwanadiplomasia mwenye baraka za serikali, akashindwa na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti.

Miezi minane baadaye mwili wake ulirudi, na watu walioujaza uwanja wa Kasarani, na waliotembea usiku kucha kuelekea Kisumu, hawakuwa wakimwimbia mtu wa ngazi za Harambee House. Waliimba nyimbo za maandamano. Walipeperusha matawi kama walivyofanya miaka ya tisini. Baadhi ya waliolia walikuwa vijana wale wale waliomkasirikia mwaka mmoja nyuma, na wengine walitoka sehemu ambazo hazikuwahi kumpa hata robo ya kura.

Kwa hiyo wanaotuletea wagombea wa 2027 kwa kigezo kwamba hawana adui, na wanaotumia jina la Raila kama onyo, nina ombi moja kwao. Kabla hawajatuambia mtu wao anapendwa na wangapi, watuambie asubuhi ya Juni 25, 2024, alikuwa upande gani wa lango la Bunge, na alisema nini kuhusu ule mswada akiwa bado hajui nani atashinda.